Alivuta inhela mpaka nikaacha kuhesabu: kwa nini pumu haikusikia dawa?

"Daktari, shikamoo. Mume wangu ana miaka 36, pumu anayo tangu utotoni. Ni seremala, karakana yake iko Pasua, Moshi mjini, ila tunaishi huku juu, Kibosho. Siku zote akibanwa anavuta inhela ya bluu mara mbili, anapata nafuu. Mwezi wa saba baridi ilipozidi akawa anaitumia mara sita au saba kwa siku, kwa kama wiki mbili hivi. Kisha ukaja usiku mmoja: alivuta mpaka nikaacha kuhesabu, akameza na vidonge vya salbutamol, hakuna nafuu. Saa nane usiku tukamshusha na bodaboda hadi kituo cha karibu, akachomwa sindano ya aminofilini, bado. Hospitali ya mjini ndiyo wakamwekea oksijeni, nebulaiza (ile mashine ya kuvuta dawa kama mvuke) mara tatu na dripu, akalazwa siku tatu. Alirudi na vidonge vya siku tano na inhela ya kahawia. Mama mkwe anasema mwili umeshazizoea inhela ndiyo maana zimegoma, na kwamba akiizoea hii ya kahawia hataweza kuiacha tena. Basi baada ya wiki moja ameiacha. Sasa yuko sawa, isipokuwa anakohoa usiku, na mgongo ukimsumbua anameza diklofenaki. Je, ni kweli dawa zimegoma? Na ukija usiku mwingine kama ule, nifanye nini?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Pale ulipoandika kwamba uliacha kuhesabu nimesimama kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Kukaa pembeni ya mtu anayetafuta pumzi, dawa iko mkononi na haimsaidii, ni jambo linalomkaa mtu rohoni miaka mingi, na naona kinachokusumbua zaidi ni huo usiku ambao bado haujaja.

Nianze na yasiyoweza kusubiri maelezo. Mwambie shemeji aichukue ile inhela ya kahawia leo jioni, aivute kama alivyoandikiwa, na aendelee nayo kila siku hata akijisikia mzima. Diklofenaki aiweke kando kabisa mpaka aonane na daktari. Na wiki hii hii arudi kliniki, kwa sababu mtu aliyelazwa kwa pumu akatoka, kisha akaendelea kukohoa usiku, hayuko sawa, hata kama mchana anapiga randa kama kawaida.

Sasa swali lako. Hapana, dawa haijagoma. Dawa ya bluu ilipewa kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Wewe ni mtu wa Kibosho, mifongo unaijua, ile mifereji ya kuleta maji mashambani. Maji yasipofika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, sababu ni moja kati ya tatu. Huenda mtu amefunga mlango wa maji huko juu. Huenda kingo zimetitia, tope limejaa, na mfongo wenyewe umekuwa mwembamba. Au majani na magome ya migomba yamekwama mahali na kuziba. Sababu ya kwanza inamalizwa na mtu mmoja kwa dakika moja. Mbili zilizobaki zinataka majembe, zinataka msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, na si za kumalizika kabla ya jua kuzama.

Mirija ya hewa ya mtu mwenye pumu inafungwa kwa njia hizo hizo tatu. Misuli inayoizunguka hujikaza. Utando wa ndani huvimba. Na makohozi mazito, yanayonata kama gundi ya mbao, huziba mirija ile midogo kabisa. Inhela ya bluu, yaani salbutamol, inajua kufanya jambo moja: kulegeza misuli. Inalegeza upesi, ndani ya dakika chache, na nguvu yake hukaa saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi, makohozi haiyagusi. Kwa hiyo zile wiki mbili za mwezi wa saba, kila alipovuta, mlango wa maji ulifunguka, akapata nafuu, akarudi kazini, na huku nyuma kingo zikazidi kuvimba na uchafu ukazidi kukwama. Usiku ule mlango ulikuwa wazi kabisa na maji hayapiti. Angeweza kuvuta inhela tano na bado asipate nafuu.

Ndiyo maana huwa nawaambia wagonjwa wangu kwamba shambulio la aina hii halianzi usiku linapoonekana. La shemeji lilianza siku alipotoka kwenye kuvuta mara moja moja akaingia kwenye mara sita kwa siku.

Jambo jingine ambalo watu hawaelezwi: hesabu ya mirija haifuati akili ya kawaida. Mrija ukipungua upana kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauongezeki mara mbili, unaweza kuongezeka hata mara 16. Ndiyo sababu mtu anaweza kuwa "anabanwa kidogo" saa tatu usiku na saa saba akawa hawezi kusema. Na hewa yenyewe inakwama ikiwa ndani. Tunapovuta pumzi mirija hutanuka; tunapoitoa husinyaa. Aliye na shambulio kali anaingiza hewa lakini haitoki yote, anaingiza nyingine juu yake. Jaribu hivi hapo ulipo: vuta pumzi ujae, toa kidogo tu, vuta tena, toa kidogo, vuta tena. Mara ya nne utahisi kifua kimejaa kama gunia na hakuna pa kuongeza. Hapo ndipo alipokuwa, saa nzima, misuli ya mbavu ikifanya kazi ya kubeba magogo.

Tuje kwa mama mkwe, kwa sababu hajakosea kabisa, na nisingependa umrudie na maneno yangu kama rungu. Ni kweli mwili huizoea inhela ya bluu ikitumiwa peke yake, kila siku, mara nyingi. Zile sehemu za misuli zinazoipokea dawa hupungua, na nafuu nayo huwa fupi. Hilo limeshaleta maafa. Huko New Zealand, kuanzia mwaka 1976, vifo vya pumu vilipanda ghafla hasa kwa vijana, na uchunguzi ukaja kuonyesha uhusiano na fenoterol, dawa ya ukoo mmoja na salbutamol lakini kali zaidi. Matumizi yake yalipobanwa mwishoni mwa miaka ya 1980, vifo vikashuka. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la miongozo ya pumu, GINA, likafika mahali pa kusema wazi kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitibiwe kwa inhela ya bluu peke yake.

Alipokosea mama ni kuziweka inhela zote kapu moja. Ile ya kahawia ni dawa ya aina nyingine kabisa. Ni steroidi ya kuvuta, mara nyingi beklometasoni, na kazi yake ni ile ya majembe: kushusha uvimbe na kupunguza makohozi. Haizoeleki kwa namna ile. Tena inasaidia misuli kuisikia bluu upya. Ubaya wake mkubwa, ambao ndio unaofanya watu waiache, ni kwamba ukiivuta husikii kitu. Hakuna nafuu ya papo hapo. Inachukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kufanya kazi, na ukiiacha, uvimbe unarudi polepole vile vile bila kupiga hodi. Kikohozi cha usiku unachokisikia sasa ndicho huo uvimbe.

Kuhusu kuogopa steroidi: vidonge vya prednisoloni alivyopewa hospitali, kwa mtu mzima, kwa kawaida ni miligramu 40 hadi 50 kwa siku. Miligramu 40 ni mikrogramu 40,000. Mbonyezo mmoja wa inhela ya kahawia kwa kawaida una mikrogramu 50, 100 au 250, nao huenda moja kwa moja kwenye mirija. Anayekwepa inhela hii kwa kuogopa steroidi, akalazwa mara mbili kwa mwaka na kumezeshwa vidonge kila mara, anakula steroidi nyingi zaidi, na za kuzunguka mwili mzima: sukari, presha, mifupa, macho. Inhela yenyewe inaweza kuleta utando mweupe mdomoni au sauti kukauka. Asukutue kwa maji na kutema kila akimaliza kuvuta.

Sasa kuna kitu kwenye barua yako nimekipigia hesabu kwa kalamu. Inhela ya bluu ikiwa mpya huwa na mibonyezo 200. Mumeo alikuwa akivuta mara sita au saba kwa siku, kila mara miwili: hiyo ni mibonyezo 12 hadi 14. Gawanya 200. Inaisha kati ya siku ya 14 na ya 17. Umesema wiki mbili hivi. Dada, inawezekana kabisa kwamba usiku ule sehemu kubwa ya alichokuwa akivuta ilikuwa gesi tupu.

Inhela iliyokwisha dawa haikwambii. Gesi ya kusukuma dawa hubaki, ukibonya inatoa "psss" ile ile, ukitikisa unasikia maji maji ndani. Wengine huitumbukiza kwenye beseni waone kama inaelea. Kipimo hicho si cha kuaminika na maji yanaweza kuharibu tundu lake. Nyingine zina namba za kuhesabu kushuka, nyuma ya kopo. Yenu kama haina, andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya kudumu kwenye plastiki yake, na mwe na nyingine nzima ndani. Na anayemaliza inhela za bluu 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa ya kushambuliwa vibaya. Anayemaliza moja kila mwezi, hatari yake ya kufa kwa pumu imepanda. Yeye alimaliza moja kwa wiki mbili. Ile ilikuwa kengele, na hakuna aliyewahi kuwaambia inalia vipi.

Hata kama dawa ilikuwamo, iliingia? Kliniki, mgonjwa akikaa, sianzi na karatasi. Namwambia, hebu nionyeshe unavyovuta. Wengi sana, wakiwemo wenye pumu ya miaka ishirini, hubonya kwanza kisha ndipo wavute, na wingu jeupe likatoka pembeni ya mdomo au puani. Lile wingu ndiyo dawa yenyewe. Mtu aliyebanwa, anayehema mara 30 kwa dakika, hawezi kabisa kulinganisha kidole na pumzi. Ndiyo maana tunatumia chombo cha kupitishia dawa, kile kibuyu cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Kikikosekana, chupa ya maji ya mililita 500 inafaa. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 jaribio walilofanya kwa watoto waliobanwa: chupa ya namna hiyo, tundu lake likiwa limezibwa vizuri, ilisaidia sawa na chombo cha dukani.

Kwa seremala hii ni kazi ya dakika kumi. Chupa iwe safi na kavu. Aukunje waya kwa umbo la mdomo wa inhela, aupashe moto, atoboe kitako cha chupa, achomeke inhela ikae imebana, azibe pembeni kwa gundi na kuacha ikauke kabisa. Mdomo wa chupa ndio utakaoingia mdomoni kwake. Aioshe kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe bila kuifuta, maana ukiifuta plastiki hupata chaji na dawa hunata ukutani.

Vile vidonge vya salbutamol na sindano ya aminofilini havikuwa na nafasi kubwa ya kumwokoa. Vidonge ni vya polepole kuliko inhela na huleta mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio. Aminofilini ni dawa ya zamani, tuliitumia sana. Faida yake juu ya salbutamol iliyotolewa vizuri ni ndogo, na nafasi kati ya dozi inayofaa na dozi inayovuruga mapigo ya moyo ni nyembamba mno. Simlaumu aliyemchoma, kwa sababu saa tisa usiku mtu hutumia kilichopo kabatini. Lakini msiitegemee.

Hospitali walipeleka majembe. Oksijeni kwanza. Kwenye nebulaiza mara nyingi tunachanganya salbutamol na ipratropiamu, inayolegeza misuli kwa njia nyingine. Steroidi, ya kumeza au ya mshipani, hutolewa ndani ya saa ya kwanza kwa sababu huchukua kama saa nne kuanza kufanya kazi. Kila dakika iliyopotea barabarani inasogeza mbele hiyo saa ya nafuu. Shambulio likikaza bado, kuna dripu ya magnesiamu salfeti, gramu 2 kwa dakika 20, dawa ile ile wanayopewa akina mama wenye kifafa cha mimba, kwa hiyo huwa ipo hata pale ambapo vingi havipo. Hapana ubaya ndugu wa mgonjwa kuuliza kwa adabu, "Daktari, ile ya magnesiamu itafaa?" Baada ya hapo inabaki ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine ya kupumulia.

Kitu kimoja kisifanyike popote, nyumbani wala kituoni: mtu aliyebanwa asipewe dawa ya usingizi ili "atulie". Anatapatapa kwa sababu anakosa hewa. Ukimlaza usingizi umezima kitu pekee kinachomweka hai.

Sasa usiku mwingine. Msianze kungoja mpaka ashindwe. Siku yoyote atakapoihitaji bluu zaidi ya kawaida yake, au akiamshwa na kifua usiku mara mbili ndani ya wiki, huyo ni mgonjwa wa kwenda kliniki kesho yake, akiwa bado anatembea.

Akibanwa, akae wima ameinamia mbele kidogo, mikono kwenye meza au magotini. Asilazwe. Mtoe kwenye moshi, legeza nguo. Inhela kwenye chupa, bonya mara moja, avute pumzi nne hadi sita za kawaida kwenye chupa hiyo, ndipo ubonye tena. Anza na mibonyezo minne, unaweza kufika kumi. Tazama saa na uandike, hata kiganjani. Yule daktari wa zamu atakushukuru. Asipopata nafuu, safari. Akipata nafuu ikarudi kabla ya saa tatu au nne kupita, safari. Njiani mnaendelea na dozi hiyo kila dakika 20, na ikiwa hali ni mbaya msisubiri hata hizo dakika.

Kuna dalili ambazo ukiziona hufanyi majaribio yoyote nyumbani, mnaondoka huku unabonya. Mwambie ataje majina ya watoto wake wote kwa pumzi moja. Akikata katikati, ondokeni. Shimo la chini ya koo likiingia ndani kila anapovuta, ondokeni. Rangi ya bluu kwenye ngozi yetu haionekani usoni, itafute kwenye ulimi, ndani ya mdomo na kwenye kucha. Jasho jingi, kuchanganyikiwa, kusinzia. Mkiwa na kile kipimo cha oksijeni cha kidole, chini ya 92 ni hospitali. Lakini namba nzuri isiwazuie kama macho yako yanaona vingine.

Na hili nalisema polepole kwa sababu limechukua watu. Kifua kilichokuwa kinapiga mluzi kikanyamaza ghafla, na mtu bado hawezi kusema, hajapona. Mluzi ni hewa inayopita. Ukimya unaweza kuwa na maana kwamba haipiti tena. Nimewahi kumpokea kijana ambaye ndugu zake walimwacha "apumzike" kwa sababu alikuwa ametulia. Kutulia kule kulikuwa kuishiwa nguvu. Tulimpata kwa tabu sana.

Bodaboda naielewa, ndiyo inayofika mlangoni. Lakini upepo wa baridi wa kuteremka Kibosho usiku unazidi kubana mirija, na mtu akiishiwa nguvu nyuma ya pikipiki anaanguka. Wiki hii, mchana, ongeeni na jirani mwenye gari au dereva wa bajaji, mkubaliane kabisa kwamba simu yenu ya usiku ataipokea. Pesa ya safari iwekwe mahali isipoguswa. Na nendeni moja kwa moja penye oksijeni na nebulaiza, hospitali ya Mawenzi au KCMC, msipoteze saa kituoni isipokuwa kama hali imemzidi njiani.

Turudi kwenye diklofenaki, uliyoitaja mwisho kana kwamba ni jambo dogo. Kati ya kila watu wazima 100 wenye pumu, takribani 7 mirija yao hufunga wakimeza aspirini na ndugu zake: diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za ukoo huo. Mara nyingi hutokea kati ya nusu saa na saa tatu baada ya kumeza, pua ikaziba au kutiririka, kisha kifua. Mtu anaweza kuwa amezimeza kwa miaka bila shida, kisha siku moja zikamkataa, na shambulio la aina hiyo linaweza kuwa kali mno. Kumbuka vizuri: siku ile mgongo ulikuwa unamuuma? Kwa sasa parasetamoli ya kawaida inamtosha. Tena, akipewa dawa ya presha au ya mikono kutetemeka, aseme ana pumu. Propranololi na wenzake hufunga mirija na kuizuia bluu isifanye kazi.

Na karakana. Vumbi la mbao, hasa la msasa, halimwashi tu. Mbao nyingine huzalisha pumu yenyewe, na mvule inajulikana hivyo tangu zamani. Rangi na vanishi za kupuliza zenye kigumishi ni mbaya zaidi. Muulize kama anapumua vizuri Jumapili na wiki ya Krismasi, akirudi kazini anaharibika tena jioni au usiku. Kama ndivyo, tiba yoyote itakuwa inapigana na kazi yake. Simwambii aache useremala, najua ndio ada za watoto. Ila akate na kupiga msasa nje au penye upepo, alowanishe kabla ya kufagia, avae barakoa inayobana uso badala ya kitambaa, na kupuliza rangi amwachie mwingine. Jikoni kwenu nako, kama moshi wa kuni unaingia anapolala, utafutieni njia.

Kuna uchaguzi mwingine ambao ni wa kuzungumza na daktari wenu. Ipo aina ya inhela yenye dawa mbili ndani, budesonidi na formoteroli, inayovutwa kila siku na pia wakati wa kubanwa, kwa hiyo kila anapotafuta nafuu anapata na dawa ya uvimbe papo hapo. Kwa mtu aliyepitia usiku kama ule, na ambaye huacha dawa akijisikia vizuri, naiona ndiyo bora. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini bei yake inazidi zile mbili na si kila famasi inayo, kwa hiyo kama kuipata kila mwezi ni mashaka, kahawia ya kila siku bila kukosa inashinda hiyo ya mwezi mmoja ndiyo mwezi mmoja hapana. Nyingine ni kukaa na dozi moja ya prednisoloni nyumbani, pamoja na karatasi ya daktari inayosema lini ianze. Kwa watu wa mbali na hospitali kama nyinyi naiunga mkono. Hofu yangu ni moja, kwamba ikishazoeleka itakuwa inamezwa kila kifua kikipata baridi. Akiihitaji zaidi ya mara moja kwa mwaka, basi tiba yake ya kila siku haitoshi.

Je, yawezekana ana pumu sugu kweli, ile isiyotulia hata kwa dozi kubwa ya dawa sahihi? Ipo, kwa makadirio kati ya watu 3 na 10 kwa kila 100 wenye pumu. Kwa hao, nchi tajiri zina sindano za kingamwili ambazo kwa wengi wetu bado ni ghali mno. Lakini siwezi kumweka huko mtu ambaye hajawahi kuvuta ya kahawia kwa zaidi ya wiki moja. Avute miezi mitatu kwa usahihi, mbele ya mtu aliyemkagua anavyovuta. Ikishindikana, aombe rufaa apimwe spairometri, kipimo cha kupuliza hewa, na waangalie kama kuna kitu kingine kinachojifanya pumu: moyo, kifua kikuu, mapafu yaliyoharibiwa na moshi. Akiwa anapungua uzito, anatoka jasho usiku au kukohoa damu, makohozi yapimwe TB bila kungoja hiyo miezi mitatu. Na wazee wakishauri kimeo kikatwe kwa sababu ya kikohozi, tafadhali kataeni. Kimeo hakina habari na mirija, na kukatwa kumewaletea watu kutokwa damu na maambukizi.

Mkija kliniki, mje wote wawili, kwa sababu ni wewe unayemsikia usiku. Leteni kila dawa iliyo ndani ya nyumba kwenye mfuko mmoja, pamoja na ile inhela ya bluu ya usiku ule kama bado hamjaitupa, karatasi ya kuruhusiwa hospitali, na chupa atakayokuwa ameitoboa.